Kusoma mawasiliano na uandishi wa habari katika chuo kikuu cha serikali: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wengi huingia kwenye shahada ya uandishi wa habari wakiwa na picha moja kichwani: kukaa mbele ya kamera na kusoma taarifa ya habari. Muhula wa kwanza unawakuta na nadharia za mawasiliano, takwimu za awali, historia ya siasa na sarufi, na wapo wanaoanza kunung'unika kwamba wamedanganywa. Hakuna aliyewadanganya. Hawakusoma orodha ya kozi kabla ya kuomba.

Mwongozo huu ni wa yule aliyechagua, au anayekaribia kuchagua, chuo kikuu cha serikali. Vyuo binafsi vinaweza kuwa na studio mpya zaidi na madarasa yenye watu wachache. Chuo cha serikali kina kitu kingine: chenyewe ni taasisi ya umma. Kina bajeti inayotoka kwenye kodi, baraza linalofanya maamuzi, zabuni, mabweni, walinzi, maabara, uchaguzi wa wanafunzi na mkaguzi anayekuja kila mwaka. Mwanafunzi wa habari anaishi katikati ya habari tangu siku anayosajiliwa, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa ni namna ya kuutumia ujirani huo.

Hatua ya 1: Soma programu, usisome jina lake

Shahada mbili zenye jina moja zinaweza kuwa mbali kabisa kwa yaliyomo. "Mawasiliano kwa umma" mara nyingi ni uwanja mpana: jinsi ujumbe unavyotengenezwa, unavyosafiri na unavyopokelewa, iwe kwenye kampeni ya afya, ndani ya shirika au kwenye redio. "Uandishi wa habari" ni ufundi mmoja ndani ya uwanja huo. "Uhusiano wa umma na matangazo" ni ufundi mwingine, na aliyeusomea atakuwa upande wa pili wa meza siku ya mkutano na waandishi. Hakuna kibaya kati ya hivyo, ila ni vizuri kujua unaingia wapi.

Mwaka 2007 UNESCO ilitoa mtaala wa mfano wa elimu ya uandishi wa habari uliojengwa juu ya mihimili mitatu: kanuni, maadili na zana za kazi yenyewe, nafasi ya uandishi wa habari katika jamii, siasa, sheria na uchumi, na maarifa ya jumla kuhusu ulimwengu pamoja na mbinu za kufikiri. Chukua orodha ya kozi za chuo unachokitaka uipime kwa mihimili hiyo. Kwa kawaida utakaoukuta mwembamba ni wa tatu, na wewe mwenyewe utalazimika kuunenepesha kwa kozi za hiari. Chagua somo moja nje ya idara na ulifuate kwa miaka yote: sheria, uchumi, afya ya jamii, kilimo, takwimu. Ningekuwa natoa ushauri kwa mdogo wangu ningemwambia achukue takwimu, hasa kama zinamtisha. Vyumba vya habari vina watu wengi wanaojua kuandika na wachache mno wanaoweza kusoma jedwali.

Uliza pia mambo matatu kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, si kwa ofisi ya udahili: mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi na nani anatafuta nafasi, kuna gazeti au redio ya chuo inayofanya kazi kweli, na ni lini mwanafunzi anashika kifaa kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 2: Jifunze njia za vifaa mapema

Madarasa ya chuo cha serikali hujaa na kamera hazitoshi. Anayeteseka ni yule anayekwenda kuazima kamera juma la kukabidhi kazi, pamoja na darasa zima. Mtafute fundi wa studio wiki ya kwanza, jitambulishe, ujue utaratibu wa kuazima na siku ambazo stoo haina watu. Rudisha kifaa kwa wakati, betri imejaa chaji, kadi imesafishwa, na kama kuna waya uliokatika sema. Baada ya muhula mmoja wa kufanya hivyo utaona unapata maiki nzuri bila kugombana na mtu.

Pale kifaa kinapokosekana, simu inatosha kujifunzia karibu kila kitu. Anza na sauti. Watazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti inayokwaruza huwafukuza mara moja. Kwa hiyo kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo.

Hatua ya 3: Zitumie nadharia, usizikariri

Hapa ndipo wengi hupoteza alama na hamu kwa pamoja. Utapewa sentensi ya Harold Lasswell, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani, ya mwaka 1948: nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Ukiikariri utaisahau baada ya mtihani. Ichukue sentensi hiyo uiweke juu ya tangazo lolote la menejimenti kuhusu ada na ujibu kila kipande. "Kwa nani" itakuonyesha haraka kama tangazo liliandikwa kwa ajili ya wanafunzi au kwa ajili ya wizara.

Fanya vivyo hivyo na dhana ya mlinda lango, yaani mtu anayeamua habari ipi ipite na ipi ikataliwe. Mwaka 1950 David Manning White alichapisha utafiti kuhusu mhariri mmoja wa gazeti, aliyempa jina la kubuni la Mr. Gates, ambaye alitunza habari zote za mashirika ya habari alizozikataa kwa wiki moja na kuandika sababu. Alikuwa amekataa takriban sehemu tisa kati ya kumi. Omba ruhusa ya kukaa na mhariri wa redio ya chuo siku moja, uandike kila kilichokataliwa na kwa nini. Ukurasa huo mmoja utakufundisha kuliko slaidi za muhula mzima.

Nadharia ya upangaji ajenda, inayosema kwamba vyombo vya habari huchangia kuamua ni mambo gani watu wayaone makubwa, ina asili inayokuhusu zaidi. Maxwell McCombs na Donald Shaw walikuwa walimu wa chuo kikuu cha serikali, North Carolina, mjini Chapel Hill. Wakati wa uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1968 waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wao huo ambao walikuwa hawajaamua, wakalinganisha mambo ambayo watu hao waliyaona makubwa na mambo yaliyopewa nafasi kubwa kwenye vyombo vya habari. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 na tangu hapo nadharia hiyo haijatoka kwenye mitaala. Angalia ukubwa wa kazi yenyewe: watu 100, mji mmoja. Unaweza kufanya toleo dogo na wenzako watatu. Orodhesheni habari kuu za vyombo vitatu kwa wiki moja, kisha waulizeni wanafunzi wa bweni moja ni tatizo gani kubwa kwa sasa, mlinganishe. Mhadhiri akiuliza swali la mtihani kuhusu nadharia hii, utakuwa na mfano wako mwenyewe.

Hatua ya 4: Andika kila siku, na uandike upya

Sehemu hii haina njia ya mkato. Chukua mfano wa habari ya kikao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hurudi na kitu kama hiki:

"Baraza la Chuo limefanya mkutano wake wa kawaida siku ya Ijumaa katika ukumbi wa utawala, ambapo mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuhudhuria na kisha kujadili mambo mbalimbali ikiwemo ada ya malazi."

Hakuna uongo hapo, na hakuna habari. Kufanyika kwa mkutano si habari, kushukuru si habari, na "mambo mbalimbali" ni maneno ambayo mhariri akiyaona anajua mwandishi hakusikiliza. Habari imejificha kwenye maneno matatu ya mwisho. Ivute mbele:

"Wanafunzi wanaoishi mabwenini watalipa ada ya malazi iliyoongezeka kwa robo kuanzia muhula ujao, baada ya Baraza la Chuo kupitisha pendekezo la menejimenti siku ya Ijumaa."

Sasa tunajua nani ataguswa, nini kimebadilika, lini kinaanza na nani ameamua. Aya ya pili ibebe sababu iliyotolewa, aya ya tatu ibebe anayepinga, kisha maelezo ya nyuma: ada ilipanda mara ya mwisho lini, mabweni yana vitanda vingapi, waliokosa nafasi wanaishi wapi. Hiyo ndiyo piramidi iliyopinduliwa. Huijengi kwa sababu mwalimu amesema. Unaijenga kwa sababu msomaji anaweza kuondoka aya ya pili, na kwa sababu mhariri akikosa nafasi atakata kutoka chini.

Angalia na hiyo "robo". Kama ada imetoka 800 hadi 1,000, nyongeza ni 200, na 200 ukigawa kwa 800 unapata asilimia 25. Wapo wanaogawa kwa 1,000 na kuandika asilimia 20, na kesho yake ofisi ya fedha inapiga simu. Mtego mwingine ni pale kiwango chenyewe kilipo katika asilimia. Wanafunzi wanaoacha masomo wakitoka asilimia 10 hadi asilimia 15, ongezeko ni pointi tano za asilimia, ambalo pia ni ongezeko la asilimia 50 ya kiwango cha awali. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila kila upande wa mabishano utachagua inayoufaa. Kazi yako ni kutaja viwango vyenyewe: kutoka 10 hadi 15.

Ukimaliza, isome kwa sauti. Unapoishiwa pumzi ndipo sentensi inapotakiwa kukatwa. Kwa redio kata zaidi: cheo kitangulie jina, tarakimu ndefu zitajwe kwa makadirio, na jambo moja kwa sentensi moja, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma.

Hatua ya 5: Kifanye chuo kuwa eneo lako la habari

Gawa chuo kama mhariri anavyogawa mji. Kuna utawala, yaani baraza na seneti. Kuna fedha na manunuzi. Kuna makazi na afya. Kuna usalama. Kuna serikali ya wanafunzi, inayopenda kuandikwa siku ya kampeni na kusahaulika siku ya kutoa hesabu. Kuna tafiti za wahadhiri, ambazo ni mgodi usiochimbwa: watu wanaochunguza maji, malaria, udongo au lugha wako hatua chache kutoka darasani kwako, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mwandishi yeyote. Chukua eneo moja na ulishike mwaka mzima.

Kisha nenda kwenye nyaraka. Taasisi ya umma huacha karatasi nyingi: mpango mkakati, taarifa za fedha, matangazo ya zabuni, ripoti ya ukaguzi. Ripoti ya ukaguzi inatisha kwa unene, lakini haisomwi kuanzia ukurasa wa kwanza. Anza na maoni ya mkaguzi, ujue kama hati ni safi au ina shaka na kwa nini. Halafu ruka hadi kwenye utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Pale panapoandikwa kwamba pendekezo lilelile halijatekelezwa, weka alama. Mara nyingi stori imelala hapo, imeandikwa kwa lugha ya kihasibu ambayo hakuna aliyejisumbua kuitafsiri kwa lugha ya watu.

Kwa nyaraka zisizowekwa wazi kuna njia ya sheria. Sweden ilikuwa ya kwanza kuweka haki ya wananchi kuona nyaraka za serikali, mwaka 1766, na leo nchi nyingi zina sheria ya upatikanaji wa habari. Tafuta ya nchi yako uisome mwenyewe: taasisi zipi zinahusika, barua anaandikiwa nani, majibu yanatakiwa ndani ya siku ngapi, rufaa inakwenda wapi. Barua yenyewe iwe fupi, na iombe karatasi badala ya maelezo. Ukiandika "naomba kujua fedha za ukarabati zinatumikaje", utajibiwa kwamba zinatumika vizuri. Ukiandika "naomba nakala ya mkataba wa ukarabati wa bweni namba mbili na hati za malipo yaliyofanyika hadi sasa", atakayekukatalia itabidi aseme anakukatalia nini na kwa kifungu gani.

Hofu ipo, na ina sababu. Menejimenti unayoiandika ndiyo inayosaini cheti chako. Kwa hiyo usifanye kazi hii peke yako. Awepo mhadhiri anayejua unachokifanya, na habari ipitie kwa mhariri. Kila anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu kabla ya kuchapisha, na jibu lake litokee kwenye habari, hata kama ni "hakupatikana", ukieleza ulimtafuta vipi na mara ngapi. Tunza madaftari na rekodi zako. Sheria ya kashfa haikuulizi kama ulikuwa mwanafunzi. Mambo binafsi ya wanafunzi wenzako, kama matibabu au matokeo ya mitihani, yaache hata yakikufikia mkononi, isipokuwa mwenyewe ameamua kuyasema.

Na afisa uhusiano wa chuo? Msalimie vizuri, mpe maswali kwa maandishi, mpe muda wa kutosha. Huenda alisoma darasa hilohilo ulilokaa wewe. Usimgeuze adui, lakini usimfanye chanzo chako pekee.

Hatua ya 6: Mahojiano

Nenda ukiwa umesoma. Omba ruhusa ya kurekodi, na bado uandike kwenye daftari kwa sababu kinasa sauti huzima bila kuaga. Mwombe mtu aandike jina na cheo chake kwa mkono wake mwenyewe. Makubaliano ya kutomtaja mtu au kutomnukuu hufanywa kabla hajaanza kusema, si baada ya kusema neno analolijutia. Akishajibu, nyamaza kidogo. Watu wengi hujaza ukimya kwa jambo walilokuwa wamepanga kuliacha. Ukipewa bahasha mlangoni, iache palepale, na umwambie mhariri wako.

Hatua ya 7: Ingia kwenye gazeti au redio ya wanafunzi

Shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, nacho ni chuo cha serikali, ilifunguliwa tarehe 14 Septemba 1908, na siku hiyohiyo ya kwanza ya masomo wanafunzi walitoa toleo la kwanza la gazeti lao. Walter Williams, mkuu wake wa kwanza, aliamini kwamba kazi hii hufundishwa kwa kuifanya, na gazeti hilo bado lipo, likiandika habari za mji mzima.

Kabla ya kujiunga na chombo cha chuo chako, uliza swali moja: nani ana neno la mwisho kabla ya kuchapisha? Kama ni idara, utajifunza ufundi vizuri lakini habari nyingine zitakwama. Kama ni wanafunzi, uhuru utakuwepo na makosa pia, na nidhamu ya kuhariri mtaijenga nyie wenyewe. Vyote viwili vina faida. Ukiweza pitia kimoja kisha kingine, na ndani ya kila kimoja zunguka: leo mwandishi, muhula ujao mhariri msanifu. Ukishahariri kazi za wengine kwa muhula mmoja, uandishi wako mwenyewe hautabaki vilevile. Ikiwa chuoni hakuna kitu, watu wanne wanatosha kuanzisha jarida dogo la barua pepe la kila wiki, mradi mmoja wenu asiandike kabisa na kazi yake iwe kuhakiki.

Programu za akili mnemba zimeshaingia kwenye vyumba hivi. Zitumie kugeuza sauti kuwa maandishi, halafu sikiliza rekodi upya kwa kila kauli utakayoweka kwenye alama za nukuu, hasa majina na tarakimu. Kuzipa kazi ya kukuandikia habari ni kujinyima mazoezi ambayo ndiyo uliyoyalipia ada, na vyuo vingi vina adhabu yake.

Hatua ya 8: Mafunzo kwa vitendo

Omba nafasi miezi kadhaa kabla, kwa barua inayomtaja mhariri na kuambatanisha kazi mbili, si vyeti. Kati ya kituo kikubwa chenye jina na kituo kidogo, mimi ningechagua kidogo. Kwenye kikubwa unaweza kumaliza wiki zote ukipeleka karatasi kutoka meza moja hadi nyingine. Kwenye kidogo wanakosa watu, na utatumwa mahakamani au kwenye mkutano wa halmashauri ndani ya siku chache. Fika na mawazo matatu ya habari yaliyoandikwa. Daftari la mafunzo lisainiwe kila wiki, maana kumtafuta msimamizi aliyehamishwa ili asaini wiki nane kwa mpigo ni mateso.

Hatua ya 9: Utafiti wa mwaka wa mwisho

Chagua mada ambayo data yake unaweza kuigusa. "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana" itakumaliza. "Namna magazeti mawili yalivyoripoti mgomo wa madaktari" inafanyika. Kwa uchambuzi wa maudhui, yaani kuainisha na kuhesabu yaliyomo kwenye habari, si lazima usome matoleo ya mwaka mzima: jenga wiki ya mfano, yaani uchague kwa bahati nasibu Jumatatu moja kati ya Jumatatu zote za kipindi chako, Jumanne moja kati ya Jumanne zote, hadi Jumapili, na ukihitaji sampuli kubwa ujenge wiki mbili au zaidi. Kwa njia hiyo matoleo ya Jumapili, yenye makala nyingi, hayatazidi idadi yake. Andika kanuni za kuainisha habari kwenye karatasi, kisha mpe mwenzako aainishe sehemu ya sampuli bila kuona majibu yako. Mkitofautiana sana, kanuni zako hazijaeleweka, na ni heri ulijue hilo sasa kuliko mbele ya jopo.

Hatua ya 10: Kabla hujaondoka

Kusanya kazi zako bora, zisizidi nane, za aina tofauti: habari fupi, makala ndefu, sauti, picha, moja iliyotokana na nyaraka. Dhaifu ziondoe hata kama unazipenda. Mhariri anayeajiri hukupima kwa iliyo mbaya kuliko zote. Hifadhi kila kazi kama faili, si kiungo tu, kwa sababu tovuti za vyombo vidogo hufungwa. Barua pepe ya chuo nayo hufungwa, mara nyingi muda mfupi baada ya mahafali, na ndani yake kuna mawasiliano ya vyanzo, majibu ya maombi ya nyaraka na rekodi ulizojitumia mwenyewe. Yahamishie kwenye anwani yako binafsi wakati bado una nywila inayofanya kazi.